Mnyororo Mmoja Zaidi

Machi 9, Jumatatu

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, kaka zangu wote watatu na wakuu watano wa ofisi ya ardhi, mmoja wao akiniita mzee wakati mimi nilikuwa na arobaini na yeye ana hamsini. Nimeishi kuliko lori tulilopanda kwenda kazini, kuliko mnyororo wa chuma tuliopimia viwanja, kuliko meno yangu. Kikosi chetu cha upimaji kilikuwa na watu wanne. Tumebaki watatu, na katika hao watatu ni mimi tu ninayepanda ngazi bila kushika ukuta.

Daftari hili ni la binti yangu ninayekaa kwake. Alilinunua aandike vipimo vya wateja, maana yeye ni mshonaji. Leo tuliporudi kutoka mahakamani alinisikia nikisimulia jambo lile lile mara ya nne. Akaliweka mezani.

"Baba, yaandike humu. Mimi masikio yangu yana kazi."

Basi naandika. Waliosoma sana wanivumilie. Shule nilikwenda miaka miwili, herufi zilizobaki nilizipata ukubwani nyuma ya lori.

Kesi yenyewe ni ya Mfyatua Matofali wa kule bondeni. Kampuni iliyonunua kiwanja cha jirani yake ilileta wapimaji vijana na kile chombo chao cha miguu mitatu kinachoongea na setilaiti, na chombo kikasema jiwe la mpaka limesogea mita ishirini. Kusogeza jiwe la mpaka ni jinai. Akipatikana na hatia atafungwa, na tanuri lake la matofali litabomolewa, kwa sababu limekaa ndani ya hizo mita ishirini.

Jiwe lile tulilisimika sisi, miaka arobaini na minne iliyopita. Mkuu wa kikosi chetu tulimwita Darubini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitazama kwenye chombo. Leo ametoa ushahidi. Alisimama wima kama mlingoti, suti imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Kutoka pembe ya barabara hadi kwenye jiwe ni minyororo ishirini," alisema. "Mita mia nne. Imo kitabuni kwa mwandiko wangu. Kama leo liko mita mia nne na ishirini, kuna mtu amelitembeza."

Hakimu ni mwanamke mfupi, sauti yake ya chini lakini watu wote wananyamaza. Alisema hatahukumu jiwe asiloliona. Njia ya bondeni imeshakatika kwa mvua, kwa hiyo ameahirisha mpaka mvua ziishe, Mei. Siku hiyo tutakutana pale pale kwenye jiwe, na mimi nitatoa ushahidi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa nyuma ya mnyororo.

Kazi ya mtu wa nyuma ni kuokota pini. Ndiyo maana hadi leo naitwa Pini. Miaka ishirini na sita ya kazi sikupoteza hata moja.

Machi 10, Jumanne

Mvua.

Machi 12, Alhamisi

Mvua. Binti yangu anasema akifungwa yule wa matofali angalau nguo za wateja hazitanuka moshi. Nami simpendi. Ana makelele, na salamu yake anairusha kama tofali.

Machi 13, Ijumaa

Darubini amekuja kucheza drafti kama kila Ijumaa. Nimemfunga mara tatu. Yeye anasema mbili. Tulibishana mpaka binti yangu akasimamisha cherehani atusikilize.

Ya mahakamani hatukuyagusa. Akiwa mlangoni anafungua mwavuli aliniuliza, "Umeitwa na wewe?"

"Nimeitwa."

"Utasema ishirini."

Hakuuliza. Alisema tu, kama zamani alivyokuwa akisema tuanzie pembe ile.

Machi 17, Jumanne

Leo mvua imenifungia ndani, basi nieleze kazi yetu, maana waliojua kuifanya hatujai benchi moja.

Mnyororo ulikuwa wa chuma, mita ishirini. Mtu wa mbele alikuwa Twiga, miguu mirefu kuliko ya farasi. Yeye alivuta ncha ya mbele na kubeba pini kumi za chuma, kila moja imefungwa kitambaa chekundu. Mnyororo ukinyooka anachomeka pini ardhini, tunasogea. Mimi nikiifikia pini naing'oa. Zilizo mkononi mwangu ndiyo minyororo tuliyopima. Naita kwa sauti, "Nne," Darubini anajibu, "Nne." Zikitimia kumi, namrudishia Twiga zote, Darubini anaandika, tunaanza upya. Wa nne wetu alikuwa mkata njia, marehemu, mtu wa panga na nyimbo. Alipokuwa akiimba hata nyasi zilijilaza.

Tulilala mahemani, tulikula kutoka sufuria moja. Mchana jua likizidi tulikaa kwenye kivuli cha lori, na hapo ndipo Darubini alinifundisha kusoma. Alianza na namba kwa sababu nilizijua kwa vidole. Kisha herufi, kwa penseli yake mwenyewe, nyuma ya kurasa za kitabu cha vipimo zilizoharibika. Nikikosea hakucheka. Alifuta, akanirudishia penseli. Barua ya kwanza niliyomwandikia mke wangu ilikuwa na maneno tisa, na saba yalikuwa ya Darubini. Mke wangu alijibu kwa kuuliza tangu lini nimekuwa mpole hivi.

Nikikumbuka harufu ya turubai la lori lililolowa, na wale watatu wanabishana nani ale ukoko, nasikia kama naweza kuinuka nikaenda kazini.

Machi 18, Jumatano

Niliyoandika ukurasa wa kwanza si kweli. Nilipoteza pini. Moja.

Nimeamka nayo, na kwa kuwa daftari halina mdomo, naliambia.

Siku tuliyopima mpaka ule, asubuhi tarishi aliniletea ujumbe kwamba mke wangu amepelekwa hospitali kujifungua. Nilikuwa na maonyo mawili ofisini, moja kwa kupoteza nyundo mtoni, moja kwa kulala kazini. La tatu lilikuwa kufukuzwa. Lori lingeondoka jioni, nikabaki kuvuta mnyororo, mwili uko pale na akili iko wodini. Katika kumi la pili, kwa haraka sikuwa nikiita kila pini, moja ikanidondoka kwenye nyasi. Sikujua. Mwishoni mkononi nina tisa, kumbe tumeshapima kumi. Nikaita, "Tisa." Twiga mkono wake ulikuwa mtupu, na mtu mwingine angeshtuka, lakini Twiga alikuwa na tabia ya kuchomeka pini ya akiba mkandani. Akaichomoa bila kufikiri. Tukavuta mnyororo mmoja zaidi. Nikaita, "Kumi." Darubini akajibu, "Kumi." Tukasimika jiwe, tukamwaga zege.

Tukirudi kwenye lori tukaiona, kitambaa chekundu kwenye nyasi, karibu na mnyororo wa kumi na tano. Tukasimama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mbingu ilikuwa nyeusi, dereva anapiga honi kwamba mto unajaa. Darubini aliitazama pini, akanitazama mimi.

"Umezaa?"

"Bado."

Akatoa penseli, akaandika ishirini. "Nenda ukazae. Tutakuja kulihamisha."

Hatukulihamisha. Mto ulifunga njia wiki sita, na tulipofika watu walikuwa wameshagawiwa viwanja, karatasi zimegongwa mihuri. Tuliapa wote wanne kutosema.

Kwa hiyo juzi mahakamani karani aliposoma "mita ishirini kamili", wengine walisikia namba tu. Mimi nilisikia mnyororo mmoja. Nikainua macho, nikayakuta ya Darubini yananisubiri.

Mfyatua Matofali hajasogeza kitu. Jiwe liko tulipoliweka.

Machi 19, Alhamisi

Mvua. Sikuandika.

Machi 27, Ijumaa

Wiki iliyopita nilijisingizia mafua. Leo Darubini amekuja mapema. Binti yangu alikuwa amepeleka nguo kwa wateja. Hatukupanga kete.

Nikamwambia, "Yule mtu atafungwa kwa pini yangu."

"Atapigwa faini, atapewa onyo."

"Wakili wake anasema miaka miwili."

"Mawakili wote husema miaka miwili." Akavua miwani akaipangusa. "Pini, sikiliza. Kikosi chetu kilisimika mawe elfu tatu mia moja na kumi na sita. Ukisema moja ni bovu, kesho kila mwenye ugomvi na jirani yake atasema na la kwake ni bovu. Watu watachinjana kwa mapanga. Unataka hilo?"

"Na sheria?"

"Sheria inatazama kitabu. Kitabu nilikiandika mimi."

Darubini tangu zamani ana jibu la swali ambalo hujaliuliza. Lakini miwani aliivaa mara mbili ndipo ikakaa, kwa mikono ile ile iliyokuwa ikishika uzi wa timazi ukatulia kwenye upepo.

"Nilikufichia kazi yako," alisema. "Sikuwahi kukukumbusha."

"Umenikumbusha sasa."

Akachukua mwavuli.

Aprili 2, Alhamisi

Mvua ilipumzika asubuhi, nikashuka bondeni. Nilijiambia nakwenda kunyoosha miguu. Nilimkuta Mfyatua Matofali anafunika matofali mabichi kwa nailoni. Maji yalikuwa yameshaingia chini, safu nzima imerudi kuwa tope. Kazi ya mwezi mzima. Alikuwa analikoroga kwa jembe alifyatue tena.

"Karibu, mzee. Umekuja kutazama mwizi wa ardhi?"

"Nimekuja kutembea."

"Tembea hapo, ni kwangu. Kuanzia pale wanasema si kwangu, ukikanyaga utashtakiwa na wewe."

Nikacheka, sikutaka. Akanipa ndoo, nikaigeuza nikakaa. Jiwe liko hatua chache kutoka kwenye tanuri, limeota kijani upande mmoja. Akaliangalia.

"Siku marehemu baba alipopewa kiwanja hiki nilikuwa na miaka saba. Alinishika mkono akanileta hapa akasema, hili ndilo jiwe. Halafu akanipiga kofi la shavu, kofi zito, nikaanguka. Nikamuuliza baba nimekosa nini. Akasema hujakosa, nimekupiga usisahau mahali lilipo." Akapitisha kiganja shavuni, tope likabaki hapo. "Sasa naambiwa nimelitembeza. Mzee, wewe ulikuwepo. Sisemi unitetee. Sema tu ulichokiona."

Nikamwambia uzee unasahaulisha.

"Binti yako anasema unakumbuka mpaka rangi ya lori."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Aprili 3, Ijumaa

Darubini hakuja. Mvua ilikuwa nzito, pengine ni hiyo.

Aprili 9, Alhamisi

Nimekwenda kwa Twiga. Miguu iliyompa jina ndiyo iliyomweka kitandani, imevimba, ameinyoosha juu ya mto kama vitu vya mtu mwingine. Mkwe wake alituletea chai akatuacha.

Twiga alikuwa ameshajua. "Umekuja kwa ajili ya ile ya mkandani," alisema.

"Darubini amefika?"

"Alifika Ijumaa. Alikaa hapo ulipokaa, ananiambia tulikuwa ndugu. Nikamwambia mbona unasema tulikuwa, tumeachana lini?" Akacheka mpaka akakohoa. "Unajua, Pini, miaka yote hii nyie wawili mnajidai kosa ni lenu. Wewe umedondosha, yeye ameandika. Na mimi niliyechomoa ya akiba, je? Hata kwenye dhambi mmeniruka."

"Wewe ungesema nini mahakamani?"

"Mimi siendi popote, wamenisamehe kwa miguu. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa bure, wa mtu asiyelipa nauli." Akaweka kikombe chini. "Marehemu mkata njia alifariki anauliza kama baadaye tulirudi kulihamisha. Nilimdanganya kwamba tulirudi. Nimechoka kuudanganya ule mpaka."

Kisha tukakumbuka siku lori lilipozama mtoni na Darubini akaogelea ameshika kitabu cha vipimo kichwani, suruali imekwenda na maji. Aliingia kijijini hivyo hivyo, kitabu kikavu. Tukacheka kama vijana. Nikaondoka na furaha, na kufika njia panda furaha yote imeisha.

Aprili 10, Ijumaa

Darubini hakuja. Mvua haikuwa nzito.

Aprili 14, Jumanne

Binti yangu amelisoma daftari. Alikuwa anatafuta penseli ya kuchorea kitambaa, akalifungua. Sikumkasirikia, lilikuwa daftari lake.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona.

"Kwa hiyo siku hiyo mke wako alikuwa anajifungua mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Na ninyi wazee wanne mkaweka jiwe la mtu mahali pasipo pake kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako. Kwa ajili yako."

"Baba, mimi nilikuwa nazaliwa. Msinitie kwenye mambo yenu ya mita." Kisha akasema polepole, "Nimekuwa kisingizio chenu miaka arobaini na minne na hakuna aliyeniuliza kama nakubali. Sikubali."

Nikamwambia kwamba Darubini alipoandika ishirini ndipo nilipopata kumlea, ndipo tulipopata nyumba, cherehani ile anayoikalia niliinunua kwa mshahara ule. Hajui mtu anakuwaje na deni ambalo hakuna aliyelidai.

"Namjua Baba Darubini kuliko wewe," alisema. "Ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule, wewe ukiwa kazini. Nampenda. Na bado yule mtu ana watoto wanne na hajasogeza kitu."

Akakanyaga cherehani. Mazungumzo yakaisha, kwa sababu cherehani ile ikianza huwezi kusikia hata moyo wako.

Aprili 15, Jumatano

Mvua. Hasemi nami ila "chakula".

Aprili 16, Alhamisi

Vile vile.

Aprili 24, Ijumaa

Nimekwenda mwenyewe kwa Darubini. Sebuleni kwake ile hati ya sifa ya ofisi ya ardhi bado iko ukutani, kioo hakina vumbi: kwa usahihi usio na dosari. Nimeitazama miaka mingi nikiona fahari. Leo niliona ameitundika pale ambapo ukikaa kwenye kiti chake huwezi kutazama pengine.

Nikamwambia, "Nitasema."

Hakupandisha sauti. Hajawahi. "Utaniita mwongo mbele ya hakimu. Mimi."

"Nitasema nilipoteza pini. Kuita watu majina si kazi yangu."

"Ni kitu kimoja." Akatazama dirishani, mvua inatiririka kwenye kioo. "Ofisi nzima walitaka ufukuzwe. Mlevi mmoja pale alikuwa na mpwa wake wa kuwekwa kwenye nafasi yako. Niliweka jina langu chini ya kosa lako, Pini, nikaliacha hapo. Sasa unaling'oa kama pini."

"Njoo useme mwenyewe. Tuseme wote."

"Nina themanini na mbili. Nimebakiwa na usahihi tu. Mke ameondoka, macho yanaondoka. Niachie huo."

Nataka niandike wazi: nilikaribia kumwambia basi, yaishe. Nilimwona kwenye ule mto, kitabu kichwani, mtu aliyekubali maji yachukue suruali yake kuliko yachukue namba moja. Mtu kama huyo unamwambiaje namba yake si ya kweli.

"Yule mtu alipigwa kofi akiwa na miaka saba ili asisahau jiwe lilipo," nilisema. "Hajasahau. Tuliosahau ni sisi."

Akainua macho kwenye hati yake. Nilifungua mlango mwenyewe.

Aprili 30, Alhamisi

Manyunyu.

Mei 4, Jumatatu

Jua. Binti yangu ametoa magodoro nje.

Nimekwenda barabarani, nimesimama kwenye jiwe la pembe, nikatembea mpaka lile la matofali. Hatua yangu ya kazi haijabadilika, naijua kama jina langu: hatua ishirini na nane kila mnyororo. Mguu wa kushoto unalalamika lakini haupunguzi. Nilihesabu hatua mia tano themanini na nane. Minyororo ishirini na mmoja. Vijana na setilaiti yao wangeniuliza tu, ningewapunguzia mzigo.

Mei 8, Ijumaa

Hakuja. Nimewaza kusema nimeugua Jumanne, siku ya kesi. Nimewaza kusema nimesahau. Binti yangu amenipigia pasi shati jeupe, akalitundika mlangoni bila kusema kitu.

Mei 12, Jumanne

Mkono umechoka lakini hili sitaliacha hadi kesho.

Tulikutana kwenye jiwe saa nne. Hakimu alikuja na mabuti ya mpira, karani na faili zake, mwendesha mashtaka na viatu vya mjini ambavyo tope lilivimaliza mapema, wakili, wapimaji vijana, Mfyatua Matofali na mkewe. Darubini alikuja na suti ile ile. Alisimama nyuma, peke yake, amevaa kofia. Binti yangu alimpelekea kiti. Akakataa, kisha akakaa.

Nikaapa. Nikaeleza kila kitu kama nilivyoandika hapa: ujumbe wa hospitali, pini kudondoka, mkanda wa Twiga, mnyororo mmoja zaidi. Nikasema, "Jiwe hili halijatoka hapa. Tulikosea sisi, na aliyekosea kwanza ni mimi." Sikuwa nimewahi kusema maneno hayo kwa sauti, na yalitoka kama jino.

Mfyatua Matofali alichuchumaa chini akashika kichwa.

Mwendesha mashtaka akaja mbele, anatembea kwa visigino.

"Mzee, miaka arobaini na minne. Jana asubuhi ulikunywa nini?"

"Chai."

"Na juzi?"

"Chai. Kila siku ni chai, bwana, hilo swali umenionea huruma."

Watu wakacheka, hakimu akatazama juu, wakanyamaza.

"Unasema pini ilionekana. Nani mwingine aliiona?"

"Marehemu mkata njia. Twiga, yuko kitandani. Na mkuu wa kikosi."

"Mkuu wa kikosi ameshaapa kwamba ni minyororo ishirini."

"Ndiyo."

"Basi mmoja wenu anadanganya."

Nikatazama viatu vyangu. "Ndiyo."

"Wewe una rafiki zako huku bondeni, pengine umeahidiwa matofali. Sema basi, pini hiyo mliiokota wapi? Saa ngapi? Mtu anayekumbuka kitambaa chekundu atakumbuka na hilo."

"Kwenye mnyororo wa kumi na tano," nilisema. "Saa kumi jioni."

"Wa kumi na tatu."

Sauti ilitoka nyuma. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ile sauti ya kujibu namba.

"Wa kumi na tatu," Darubini alisema. "Saa tisa na robo. Saa kumi lori lilikuwa limeshavuka mto."

Nafikiri hata yeye alisikia alichosema baadaye kuliko sisi. Hakimu akaweka kalamu.

"Mzee, unaikumbuka hiyo pini?"

Darubini akainuka. Alichukua muda. Akavua kofia, nywele zake chache zikasimama na upepo, na nilimwona kuwa ni mzee kwa mara ya kwanza, mimi ninayemwona kila Ijumaa.

"Nakumbuka kila pini," alisema.

"Nakukumbusha ulikuwa chini ya kiapo mwezi Machi, na kwamba lolote utakalosema linaweza kukurudia."

"Najua, mheshimiwa. Naomba karani aandike sawasawa. Pini aliidondosha yeye, lakini alikuwa na mke hospitalini. Mimi sikuwa na mgonjwa. Kuandika ishirini nikijua ni ishirini na mmoja, hiyo ni yangu peke yangu, na mwezi Machi niliirudia." Akaigeuza kofia mkononi. "Kijana huyu hajasogeza jiwe."

Karani aliandika. Tulimsubiri mpaka akamaliza.

Leo jioni jirani ananiambia nilimtega Darubini, kwamba nilitaja namba ya uongo nikijua hawezi kuivumilia. Ningependa sana kusema ndiyo, ningeonekana mjanja. Sikumtega. Nilisahau. Nilikuwa na hakika ni kumi na tano, ningeapa tena. Nilikosea hesabu mbele ya watu kwa mara ya pili maishani, na kwa mara ya pili yeye ndiye aliyenizibia pengo.

Ila safari hii aliandikisha ilivyokuwa.

Mei 19, Jumanne

Hakimu amemwachia huru Mfyatua Matofali. Ofisi ya ardhi imeagizwa kusahihisha kitabu, na kampuni ikatafute haki yake huko, si kwa mtu wa matofali. Darubini na mimi alitusimamisha pamoja. Alisema mahakama haina macho, inaona kwa watu wanaosema kweli, na sisi tuliitia upofu, mmoja kwa kusema, mwingine kwa kunyamaza. Alisema kwa kuwa shahidi amejisahihisha kabla ya hukumu, hatamfungulia shtaka, ila onyo la sisi wawili litabaki kwenye faili. Darubini aliinamisha kichwa. Mimi nikakumbuka kwamba hilo ni onyo langu la tatu, nikaona si mahali pa kusema.

Mawe yote ya kikosi chetu yatapimwa upya, elfu tatu mia moja na kumi na sita. Hakuna aliyemchinja jirani yake mpaka sasa.

Mfyatua Matofali alinishika mkono kwa mikono miwili, hakupata neno, mtu wa makelele kama yule. Leo amewasha tanuri. Binti yangu ameanua nguo akanung'unika kuhusu moshi, akafunga dirisha, akanisalimia kama kawaida.

Kwenye ngazi za mahakama Darubini alinipita. Hakuniangalia. Nilimwita kwa jina lake, lile la wazazi wake, ambalo sikuwahi kulitumia. Alisita ngazi moja, akaendelea kushuka, ameshika ukuta.

Anayetilia shaka niliyoandika ana pa kuuliza. Amwulize karani wa mahakama, yeye ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Amwulize Twiga, mkwe wake atawafungulia, msikae sana. Amwulize binti yangu, aliyekuwa akizaliwa. Wa mwisho ni Darubini. Mimi hanisemeshi, lakini mkimpelekea daftari hili atalisoma lote, penseli mkononi, na atatia alama kila nilipokosea. Atakapopita bila kutia alama, hapo mniamini.